Mashindano ya utunzi wa muziki mtandaoni: Kwa nini kura huzua manung'uniko

Mashindano ya kutunga muziki yanayoendeshwa kwa njia ya mtandao yamewafungulia mlango watunzi ambao zamani wasingesikika nje ya mtaa wao. Hata hivyo, matokeo yanapotangazwa, mara nyingi huzuka swali lile lile: je, kilichoshinda ni kipande bora cha muziki, au ni kile kilichokuwa na watu wengi wa kukipigia kura?

Swali hilo si dogo. Kwa mtunzi asiye na jina, ushindi mmoja unaweza kumletea vyombo vya kazi, mkataba au mwaliko ambao hangeupata kwa miaka mingi. Na mshindi anayetiliwa shaka huondoka na zawadi mkononi huku heshima ya ushindi ikibaki nyuma.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hiyo yaeleza tabia ya binadamu, lakini haielezi kanuni za kura. Kuzichunguza kanuni zenyewe kunaonyesha kwamba malalamiko mengi hutokea bila mtu yeyote kuiba kura hata moja.

Waamuzi wachache, kazi elfu kumi na moja

Mwaka 2020, kampuni ya Uingereza ya Spitfire Audio, inayotengeneza sauti za ala kwa ajili ya kompyuta, ilishirikiana na waandaaji wa tamthilia ya Marekani ya Westworld kuandaa shindano la mtandaoni. Kila mshiriki alipewa kipande kile kile cha picha, chenye magari yanayofukuzana, akatakiwa kukitungia muziki. Kazi zilizowasilishwa zilizidi 11,000. Miongoni mwa waamuzi alikuwamo Ramin Djawadi, mtunzi wa muziki wa tamthilia hiyo.

Ushindi ulikwenda kwa mtunzi aliyetumia sauti zinazofanana na za michezo ya kompyuta ya zamani, badala ya okestra kubwa ambayo wengi waliitarajia. Mitandao ikawaka moto. Baadhi ya washiriki walisema uamuzi ule ni dharau kwa ufundi, na wengine wakamshambulia mshindi mwenyewe, ambaye kosa lake lilikuwa kutunga kwa namna iliyowapendeza waamuzi.

Nyuma ya hasira hiyo lilikuwapo swali la haki: nani alizisikiliza kazi zote hizo? Hesabu ni nyepesi. Hata kama kila kazi ingekuwa ya dakika tatu tu, kazi 11,000 zingehitaji saa 550 za kusikiliza. Mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku angetumia karibu siku 69, bila kurudia wimbo hata mmoja. Kwa hiyo, katika shindano lolote la ukubwa huo, lazima uwepo mchujo wa awali. Mshiriki asipoelezwa mapema nani atachuja na kwa kigezo gani, hujijazia mwenyewe jibu, na jibu la aliyeshindwa mara nyingi huwa chungu.

Kura za umma zina mizani yake

Wengi hudhani dawa ni kuuachia umma uamuzi. Mashindano yanayofaa kuchunguzwa hapo ni Eurovision, yanayosimamiwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU. Ingawa nyimbo huimbwa jukwaani, tangu mwanzo shindano hilo ni la nyimbo na watunzi wake, na siku hizi watazamaji huziamua kwa simu na kwa mtandao. Zaidi ya hayo, limepitia karibu kila aina ya mgogoro wa kura.

Lilianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi saba. Kila nchi ilikuwa na waamuzi wawili, ambao waliruhusiwa hata kuupigia kura wimbo wa nchi yao. Uswisi, mwenyeji, ilitangazwa mshindi, na hesabu za kura hazikuchapishwa kamwe. Mwaka 1969 nyimbo nne zilifungana kwa pointi 18 kila moja. Hakukuwa na kanuni ya kumpata mmoja, hivyo nchi nne zikatangazwa washindi kwa pamoja: Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa. Mwaka uliofuata nchi tano hazikushiriki, na kutoridhishwa na utaratibu wa kura kulikuwa miongoni mwa sababu.

Kura za simu zilijaribiwa katika nchi tano mwaka 1997, kisha zikaenea. Baada ya miaka kadhaa likaja lalamiko jingine, kwamba majirani wanapigiana kura wao kwa wao. Ndipo katika fainali ya mwaka 2009 majopo ya waamuzi yakarudishwa, yakagawana uamuzi na umma nusu kwa nusu.

Mgawanyo huo umeonyesha wazi kwamba wataalamu na umma husikiliza kwa masikio tofauti. Mwaka 2016 majopo yaliiweka Australia mbele, umma ukaiweka Urusi mbele, lakini aliyeshinda ni Ukraine, iliyokuwa ya pili kwa pande zote mbili. Mwaka 2023 Finland ilipata pointi 376 za umma dhidi ya 243 za Sweden. Majopo yakaipa Sweden 340 na Finland 150. Jumla ikawa 583 kwa 526, na Sweden ikatwaa ushindi. Mashabiki wengi wa Finland waliona wameporwa, ilhali kanuni iliyotumika ilijulikana na kila mmoja kabla ya siku ile.

Kura ishirini za mtu mmoja

Mgogoro mkubwa zaidi wa karibuni ulizuka baada ya fainali ya Mei 2025 mjini Basel. Austria ilishinda kwa pointi 436. Israel ilikuwa ya pili kwa pointi 357, ambapo 297 zilitoka kwa umma na 60 pekee kwa majopo. Ilibainika pia kwamba wakala wa matangazo wa serikali ya Israel ulilipia matangazo mtandaoni ya kuhimiza watu wampigie kura mwakilishi wa nchi hiyo, jambo ambalo kanuni za wakati huo hazikulikataza. Shirika la utangazaji la Hispania, RTVE, liliomba kura za watazamaji zichunguzwe. EBU ilishikilia kuwa matokeo yalikaguliwa na ni halali.

Mjadala huo ulichanganyika na hisia kuhusu vita vya Gaza, na kila upande ulikuwa na maelezo yake. Lakini kiini chake cha kihesabu kinaeleweka bila kuegemea upande wowote. Kwa kanuni za wakati huo, mtu mmoja aliweza kulipia hadi kura 20, na zote kuupa wimbo mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watazamaji 1,000 wanapiga kura, na nyimbo ni 25. Watu 950 wanapiga kura moja moja, zikatawanyika sawasawa, hivyo kila wimbo unapata kura 38. Watu 50 waliobaki wanaamua kuupa wimbo mmoja kura zote 20 kila mmoja. Wimbo huo unaongezewa kura 1,000. Asilimia tano ya wapiga kura wamewashinda asilimia 95, na hakuna aliyedanganya. Mizani ya namna hiyo hupima ukali wa mapenzi kuliko wingi wa wanaopenda, na humnufaisha yeyote mwenye kundi lililojipanga, liwe la mashabiki, la wahamiaji au la serikali.

Novemba 2025 EBU ilitangaza mabadiliko kwa ajili ya mashindano ya 2026. Idadi ya juu ya kura ilishushwa kutoka 20 hadi 10, waamuzi katika kila jopo wakaongezwa kutoka watano hadi saba, na kampeni kubwa za taasisi za nje, zikiwamo serikali, zikawekewa vizuizi. Hata hivyo, katika mfano wetu, watu 50 wenye kura 10 bado wangeleta kura 500, na wimbo mwingine wowote ungebaki na 38. Mwanya umepunguzwa nusu, haujazibwa. Mwezi uliofuata Hispania, Ireland, Uholanzi, Slovenia na Iceland zilitangaza kujitoa, kwa sababu zilizohusu zaidi vita vya Gaza na ushiriki wa Israel.

Wataalamu nao hawakuwa malaika

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba wataalamu ndio kinga. Historia inakataa. Mwaka 2022, katika nusu fainali ya pili, wakaguzi waliona mwenendo usio wa kawaida katika kura za majopo ya nchi sita: Azerbaijan, Georgia, Montenegro, Poland, Romania na San Marino. Pointi za majopo hayo zilifutwa, zikawekwa pointi zilizokokotolewa kwa njia mbadala. Baadhi ya mashirika ya utangazaji ya nchi hizo yalipinga uamuzi huo.

Kuanzia mwaka 2023 nusu fainali ziliachiwa umma peke yake. Kwa mwaka 2026 majopo yakarudishwa tena. Shindano limekuwa kama pembea: likichoshwa na kosa la upande mmoja hukimbilia upande wa pili, ambako kosa lake la zamani linalisubiri.

Funzo kutoka mashindano madogo

Katika mashindano madogo ya watunzi mtandaoni, ambako mara nyingi washiriki wenyewe ndio wapiga kura, kishawishi ni kikubwa zaidi. Mtu anajua kwamba kila alama ya juu anayompa mwenzake inamsogeza yeye chini.

Tuseme watu kumi wanatoa alama kuanzia 1 hadi 10. Wimbo wa kwanza unapewa 8 na watu tisa, lakini mshindani mmoja anaupa 1. Wastani wake ni 7.3. Wimbo wa pili unapewa 8 na watu watano na 7 na watano, hivyo wastani wake ni 7.5, nao unashinda. Kura moja ya husuda imepindua maoni ya watu tisa. Sasa tufute alama moja ya juu kabisa na moja ya chini kabisa kwa kila wimbo. Wa kwanza unabaki na wastani wa 8, wa pili na 7.5. Mshindi amebadilika, ingawa hakuna aliyebadilisha alama yake.

Kwa sababu hiyo zipo kanuni zinazosaidia: kuficha majina ya watunzi hadi kura zifungwe, kumkataza mtu kujipigia kura, kumtaka kila mpiga kura azipe alama kazi zote badala ya ya rafiki yake tu, kutotambua akaunti zilizofunguliwa baada ya shindano kuanza, na kuchapisha kura zote baada ya matokeo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kamili. Kuficha majina, kwa mfano, hakusaidii pale mtunzi anapotambulika kwa mtindo wake.

Kinachowahusu wasikilizaji wetu

Mjadala huu hauko mbali na Afrika Mashariki. Waliofuatilia Tusker Project Fame, shindano la uimbaji lililoanza mwaka 2006 na kuwakutanisha vijana wa nchi kadhaa za ukanda huu, wanakumbuka kuamua kwa ujumbe mfupi wa simu. Utaratibu wowote wa namna hiyo huzaa ulizo: nchi yenye watu wengi na simu nyingi ishindane vipi na nchi ndogo? Eurovision hujibu kwa kuipa kila nchi uzito sawa wa pointi, iwe na mamilioni ya wapiga kura au maelfu. Jibu hilo humlinda mdogo, lakini hufanya kura ya mtu mmoja katika nchi ndogo iwe na nguvu kuliko ya mwenzake katika nchi kubwa.

Tangu mwaka 2023 watazamaji wa nchi zisizoshiriki Eurovision nao huweza kupiga kura mtandaoni kwa malipo. Kura zao zote, kutoka mabara yote, hujumlishwa na kuhesabiwa kama za nchi moja. Mtazamaji wa Kampala au Kigali anayelipia kura yake anastahili kuujua uzito huo kabla ya kutoa kadi ya benki.

Vivyo hivyo kwa kijana anayetaka kupeleka kazi yake kwenye shindano la mtandaoni. Yapo maswali manne ya kuuliza kabla ya kujisajili. Nani atasikiliza, na je, atasikiliza zote? Mtu mmoja ana kura ngapi? Nyimbo zikifungana, kanuni inasemaje? Na baada ya matokeo, je, hesabu zitawekwa wazi?

Waandaaji wasioweza kujibu maswali hayo mapema wasishangae manung'uniko yakifuata. Hakuna mizani ya kura isiyomwegemea mtu. Lakini mizani iliyotangazwa kabla ya shindano, na hesabu zikafunguliwa baadaye, humwezesha aliyeshindwa kuona aliposhindwa, na humwezesha aliyeshinda kupokea zawadi yake bila kuinamisha uso.