Mkunga Naye ni Mzazi



Sisi wa viwanda vya tumbaku vya Kanengo, na ninyi wa mashamba ya chai ya Thyolo na Mulanje, tumezoea kuisemea likizo ya uzazi kama jambo letu peke yetu. Mwezi uliopita nilikwenda Dzaleka kuwaona jamaa wa wanachama wetu. Huko niligundua kwamba hata hao wanaotuzalisha wana tatizo hilohilo, tena lao limejificha.

Dzaleka ipo wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 50 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza, ambako utawala wa Kamuzu Banda uliwafungia wapinzani wake. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Mwenyeji wangu alikuwa binti wa Kikongo, asili yake Fizi. Amesomea uuguzi na anatafuta ufadhili wa shahada ya pili. Aliyekuja kumshauri ni muuguzi na mkunga Mmalawi aliyeajiriwa, ambaye ameanza shahada ya pili ya ukunga mjini Lilongwe. Kiswahili chake amekipata kwa wazazi anaowazalisha. Mimi, mtu wa darasa la saba, nilikaa mkekani kusikiliza.

"Mimba ya kwanza ilinikuta mwanafunzi," alisema mkunga. "Nilisoma mbali na hapa. Niliificha mpaka mwezi wa sita. Nikaendelea na zamu za usiku, nikainua wagonjwa, siku moja nikazimia wodini. Nilipojifungua, saa zangu za mazoezi zilikuwa hazijatimia. Nikarudia mwaka mzima. Hakuna aliyenifukuza, mdogo wangu. Ila hakuna aliyeandika popote kwamba nafasi yangu itaningoja."

"Na sasa, dada?"

"Sasa nahesabu kabla."

HESABU YENYEWE

Masomo yake ni ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni darasa na zamu za wodini. Mwaka wa pili ni utafiti na kuandika. Yeye na mumewe wamepanga mimba iingie mwaka wa kwanza unapokwisha, ili miezi yote tisa iangukie kwenye kazi ya kuandika, na mtoto azaliwe masomo yakifikia mwisho.

Kwa ajili hiyo aliacha sindano ya uzazi wa majira kabla chuo hakijafunguliwa. Hapa wengi hukosea. Sindano ya miezi mitatu haiuharibu uzazi, lakini huuchelewesha: kwa wastani hupita miezi ipatayo 10 tangu sindano ya mwisho ndipo mwanamke ashike mimba. Anayetumia kitanzi au vijiti vya mkononi, uzazi wake hurudi mara vinapotolewa. Kwa sasa yeye na mumewe wanatumia kondomu mpaka wakati wao ufike.

Jambo la pili ni vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku. Huanzwa kabla ya mimba na kuendelea hadi wiki ya 12, kwa kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hutengenezwa mapema mno, pengine mama hajajua kwamba ni mjamzito.

Jambo la tatu ni chanjo. Ya homa ya ini aina ya B kila mtu wa hospitali anaihitaji, kwa sababu sindano humchoma muuguzi kabla haijamchoma mgonjwa mwingine. Ya rubela hutolewa kabla ya mimba, si wakati wa mimba.

Jambo la nne ni mahali pa kazi. Sisi tunajua kwamba mama mjamzito hapaswi kubeba pampu ya dawa na kupulizia shambani. Hospitalini nako kuna sumu zake: dawa za saratani, mionzi ya eksirei, hewa ya kulaza wagonjwa wa upasuaji, kikohozi cha kifua kikuu. Mwanafunzi anayejua kwamba ni mjamzito aseme mapema apangiwe kwingine. Akificha kwa kuogopa, anayeumia ni yeye na mtoto.

"Mimba haifuati ratiba kama basi," alituambia. "Yaweza kuwahi, yaweza kuchelewa, yaweza kutoka. Ndiyo sababu nina barua."

BARUA NI NINI?

Hapo ndipo penye kiini cha habari, ndugu zangu. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 ilimpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 8 kwa malipo kamili, mara moja katika kila miaka mitatu. Kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba ikawa ni kosa la jinai. Lakini sheria hiyo inamsema mwajiriwa. Haimsemi mwanafunzi.

Mkunga wetu ametumwa masomoni na mwajiri wake na bado yumo katika orodha ya mishahara. Kabla ya kuanza aliomba kwa maandishi mambo matatu: kwamba haki yake ya likizo inaendelea akiwa masomoni, kwamba chuo kitamruhusu kusimama na kurudi palepale alipoishia, na kwamba saa za mazoezi alizokwisha kuzitimiza hazitafutwa. Majibu yamo kwenye bahasha, na bahasha imo sandukuni.

Ndipo yule binti wa Fizi akauliza swali lililotunyamazisha. "Mimi sina mwajiri. Likizo nitaiomba kwa nani?"

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake kuhusu kazi na kuhusu kutembea nchini. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini. Kwa hiyo binti huyu akipata ufadhili anahitaji pia ruhusa ya kutoka kambini. Akisimama masomo ili ajifungue, yaweza kukatika mambo matatu kwa mpigo: nafasi ya chuo, fedha za mfadhili na ruhusa yake. Ana miaka 29. Kumwambia "ngoja umalize" ni rahisi kwa asiyengoja.

Mkunga alimjibu hivi: "Basi wewe uulize mara tatu. Chuo, mfadhili, na ofisi ya ruhusa. Kila jibu liandikwe. Uliza kabla ya kutia sahihi, maana baada ya sahihi utakuwa unaomba huruma."

TUFANYE NINI?

Kwanza, matawi yetu yenye wanachama wanaokwenda masomoni yadai kifungu cha uzazi katika kila mkataba wa masomo. Pili, mzazi unayemlipia binti ada ya uuguzi, muulize kuhusu jambo hili bila ukali, asije akaficha kama alivyoficha mkunga wetu. Tatu, sisi wanaume na wanawake wa viwandani tusiseme kwamba hayo ni ya wasomi. Anayetupokelea watoto usiku wa manane ni huyo huyo. Tusipomtetea azae kwa heshima, kesho wodini hatumkuti.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na mkunga naye ni mzazi.