Galaksi za Machipuo: Anga na Tafsiri Yake

Makala haya yanahusu istilahi moja inayowasumbua wanafunzi wetu wa tafsiri, yaani lile ambalo vitabu vya elimu ya falaki vya Ulaya na Marekani huliita anga la majira ya machipuo. Wapo wanaoandika "anga la masika". Kalenda inawaunga mkono, kwani hapa Uganda miezi ya Machi hadi Mei ni ya mvua. Lakini masika ni mvua, na anga linalozungumziwa linatakiwa liwe halina wingu! Aidha, kule Johannesburg machipuo huanza Septemba, na anga la jioni la wakati huo ni jingine kabisa. Kwa maoni yangu, mfasiri aandike "anga la jioni la Machi hadi Mei". Msomaji wa Kampala na wa London watakuwa wanatazama nyota zilezile.

Kwa nini miezi hiyo ndiyo inayosifiwa? Dunia yetu imo ndani ya Njia ya Maziwa, galaksi yenye umbo la sahani bapa iliyojaa nyota na vumbi. (Neno galaksi lenyewe chimbuko lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya maziwa.) Tukitazama kufuata ubapa wa sahani hiyo, vumbi hutuziba macho. Jioni za Aprili na Mei tunatazama nje ya sahani, ambako vumbi ni haba, na hapo galaksi za mbali hujitokeza.

Mahali pa kuanzia ni kati ya makundi ya nyota ya Simba na Mashuke. Wajuzi wa nyota wa pwani walilijua Simba pia kwa jina la Kiarabu, Asadi, na nyota ya mkiani mwake, Denebola, bado imebeba neno hilo la Kiarabu lenye maana ya mkia. Nyota kuu ya Mashuke ni Spica, ambalo kwa Kilatini ni shuke la nafaka. Mwalimu wa isimu hawezi kupita hapo bila kusimama kidogo.

Eneo hilo lina kundi la galaksi zaidi ya 1,000, zilizo umbali wa miakanuru milioni 54 hivi. Katikati ya Mei, yapata saa nne usiku, huwa karibu na utosi wa anga la Kampala, bahati ambayo watu wa London hawana. Moja ya galaksi hizo ni M87, aliyoiorodhesha Mfaransa Charles Messier mwaka 1781 akidhani ni wingu tu. Mwaka 2019 ilitangazwa picha ya shimo jeusi lililo kitovuni mwake, ya kwanza ya aina yake.

Darubini yenye kioo cha sentimita 10 hadi 15 inatosha, mbali na taa za mji, hasa usiku mvua inapokuwa imeosha vumbi la hewani. Macho yazoee giza kwa nusu saa, na anayesoma ramani atumie tochi nyekundu. Usiikodolee macho galaksi. Itazame kwa pembeni kidogo, kwani pembe ya jicho huhisi mwanga hafifu zaidi. Utaona doa la kijivu, kama pumzi juu ya kioo. Mwanga huo ulianza safari kabla binadamu hajakuwapo, seuze lugha ya kuutajia.