Tubishane kuhusu nyuklia tukiwa na daftari mkononi

Tangu Uyombo, hapa Kilifi, itajwe kuwa mahali pa kujengwa kituo cha nyuklia cha megawati 1,000, mabishano hayajaisha. Huyu asema ni neema, yule asema ni bomu. Mimi naona tuanze na hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Fizikia nayo ina daftari lake: kilichoingia lazima kionekane katika kilichotoka.

Chukua kiini kimoja cha urani-235. Kikigongwa na nyutroni moja, hupasuka. Mara nyingine hutoka bariamu-141, kriptoni-92 na nyutroni 3. Jumlisha: mwanzo tulikuwa na chembe 235 na 1, yaani 236. Mwisho tuna 141, 92 na 3. Ni 236 vilevile. Protoni 92 za urani nazo zimegawanyika: 56 kwa bariamu, 36 kwa kriptoni. Hakuna iliyoibwa.

Ila ukipima uzito, vipande vimepungua kidogo, chini ya sehemu moja katika elfu. Upungufu huo ndio nishati. Kwa kanuni ya Einstein, unazidisha uzito uliopungua kwa kasi ya mwanga, kisha unazidisha tena kwa kasi hiyohiyo, ndiyo maana kidogo huwa kingi. Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch walipiga hesabu hii nchini Sweden, Krismasi ya mwaka 1938, baada ya Otto Hahn na Fritz Strassmann kukuta bariamu kwenye urani huko Berlin.

Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote, kinachopungua hakifiki gramu moja. Lakini joto lake ni sawa na kuchoma zaidi ya tani 2,500 za makaa ya mawe.

Sehemu kubwa ya nishati hiyo hubebwa na vile vipande viwili, vinavyorushwa pande tofauti. Kilicho chepesi hukimbia zaidi ili misukumo ya pande mbili ilingane. Vikigonga urani iliyo karibu, mwendo wao hugeuka joto, joto likachemsha maji, mvuke ukazungusha jenereta.

Sasa daftari lina maswali mawili kwetu. La kwanza: ili kutoa megawati 1,000 za umeme, kituo huzalisha joto la kama megawati 3,000. Zile 2,000 zitakwenda wapi? Zikimwagwa baharini, ni maji ya moto jirani na Mida Creek, penye mikoko na mazalia ya samaki. La pili: katika ile kilo moja, gramu 999 zimebaki. Hizo ndizo taka zenye miale hatari, na huendelea kutoa joto hata mtambo ukizimwa. Joto hilo ndilo lililoyeyusha mitambo ya Fukushima, Japani, Machi 2011, baada ya tsunami kuzima jenereta za akiba za kupoza.

Sisemi mradi ukubaliwe wala ukataliwe. Nasema atakayekuja barazani kutuahidi umeme, tumuulize: joto utalipeleka wapi, na taka atazitunza nani? Maumbile hayafuti deni. Asipokuwa na jibu, deni hilo litaandikwa kwa jina la mvuvi.