Uji wa Saruji Hauzibi Ufa

"Nipake saruji gani juu?" Ndilo swali analoulizwa kila fundi anayeitwa kutazama sakafu iliyopasuka ya gereji ya nyumbani, tena huulizwa kabla gari halijatolewa ili sakafu yenyewe ionekane. Muulizaji keshanunua mfuko. Anachotafuta ni baraka tu.

Dawa inayokusudiwa inajulikana mtaa mzima: saruji tupu ikorogwe na maji mpaka iwe uji, imiminwe ndani ya ufa, na inayobaki ipakwe sakafu nzima kwa mwiko hadi ing'ae. Siku ya kwanza hupendeza. Baada ya muda ufa ule ule hujichora palepale, safari hii ukiwa na magamba yanayobanduka chini ya matairi, na lawama huangukia saruji ya siku hizi.

Saruji haina kosa. Chochote kilichochanganywa kwa saruji na maji husinyaa kinapokauka. Zege la kawaida, ambalo sehemu yake kubwa ni kokoto na mchanga, hupungua kiasi cha nusu milimita kwa kila mita. Kokoto ndizo zinazolizuia lisisinyae zaidi. Anayekoroga saruji na maji matupu amekiondoa kizuizi hicho kwa mkono wake, kwa hiyo uji wake husinyaa mara kadhaa zaidi kuliko zege, hujitenga na kingo za ufa na kuacha mwanya mpya. Ule uliopakwa juu una balaa zaidi. Zege kuukuu hunywa maji yake kabla saruji haijakomaa, mafuta ya injini yaliyodondoka miaka yote huuzuia usishike, kisha hupita gari la tani moja na nusu. Wapo wanaoshauri saruji iongezwe ili uji uwe mzito. Hiyo ni kuongeza kile kile kinachosinyaa.

Na tuseme ungeshika. Chini je? Dodoma, Shinyanga na kwenye uwanda wa Athi kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kunywea kiangazi hadi ardhi iachame. Jamvi la sentimita 10 lililomwagwa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa mwaka hadi mwaka. Kwingine kosa ni kifusi kilichojazwa kwa mkupuo mmoja bila kushindiliwa: kinatitia, na zege linabaki likining'inia mpaka livunjike. Nguvu inayosogeza sakafu nzima pamoja na gari haitasimamishwa na utando wa milimita 2.

Cha kuuliza ni kama ufa unatembea. Alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, rula na tarehe ukutani vinatosha. Umbali upimwe tena baada ya masika na mwisho wa kiangazi. Sakafu igongwe pia kwa nyundo: panapolia kama debe tupu, chini hakuna kitu.

Ufa mwembamba kama unywele, uliotulia, pande zake zikiwa sawa, uachwe. Mpana uliotulia hupanuliwa kwa grenda, hutolewa vumbi na kujazwa epoksi. Unaocheza hujazwa silanti ya poliyurethani inayonyumbulika. Sakafu ngumu lakini yenye mabonde hutinduliwa uso, huoshwa mafuta, hupakwa gundi ya zege na kumwagiwa mchanga ndoo 3 kwa saruji ndoo 1, unene usiopungua sentimita 2.5. Upande mmoja ukishuka, au chini pakiwa patupu, ivunjwe. Udongo mweusi utolewe, moramu ishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15, nailoni itandikwe, ufuate wavu wa nondo, kisha zege la saruji ya daraja la 42.5. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, maji yaliyomo kwenye mchanga yakihesabiwa, hata saidia fundi akilalamika kwamba zege ni gumu kusukuma. Ndani ya siku moja zikatwe jointi kila mita 3, kina robo ya unene. Sakafu imwagiliwe maji siku 7. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni, na maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta, la sivyo moramu yote hiyo italoweshwa kwa chini.