Sauti ya filamu hutoka wapi?

Katika jumba la makumbusho la Museum of the Moving Image, lililofunguliwa mwaka 1988 huko Astoria, New York, mgeni hualikwa kuyatamka upya maneno ya mwigizaji, akijitahidi kwenda sambamba na midomo iliyoko kwenye picha. Hapo hutambua kwamba sauti nyingi za filamu huongezwa baada ya picha kupigwa.

Mazungumzo, milio na muziki hurekodiwa mbali mbali, kisha huchanganywa. Kishindo cha kwato za farasi huenda kikawa vifuu viwili vya nazi vinavyogonganishwa studioni.

Somo ni zito: picha haithibitishi sauti inayoandamana nayo. Aliyewahi kuitia sauti yake kinywani mwa mwingine hatoiamini upesi kila hotuba iliyorekodiwa.