Kushindika si Kufunga: Kulazimisha Ufungaji wa Skrini katika Kompyuta za Linux

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi msimamizi wa mfumo anavyoweza kuhakikisha kwamba kompyuta za Linux zilizo chini ya uangalizi wake hujifunga zenyewe zinapoachwa bila mtu. Tuchukue mfano wa mhadhiri anayetumia ofisi pamoja na wenzake. Anaingiza alama za mtihani, kisha anatoka kwenda kunywa chai huku orodha ikiwa wazi kwenye skrini. Yeyote apitaye anaweza kuzisoma alama hizo, au hata kuzibadilisha, na mabadiliko hayo yatahesabiwa kuwa ya mhadhiri mwenyewe. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka wanaoshughulikia data za watu kuchukua hatua mwafaka za kiufundi na za kiutawala ili kuzilinda. Kufunga skrini ni hatua nyepesi ya aina hiyo.

Kushindika na Kufunga

Kiswahili hutofautisha kushindika mlango na kuufunga kwa kufuli. Mlango ulioshindikwa huzuia macho lakini hauzuii mkono. Vivyo hivyo, skrini inayozimika tu imeshindikwa: ukigusa kipanya, kazi yote hurejea. Skrini iliyofungwa hudai nywila kwanza.

Katika GNOME, mazingira ya kazi yanayopatikana katika Ubuntu, Fedora na Debian, mipangilio mitatu ndiyo inayotawala suala hili. Wa kwanza, idle-delay, huainisha sekunde ambazo kompyuta hukaa bila kuguswa kabla ya skrini kuzimika. Wa pili, lock-enabled, huamua iwapo skrini iliyozimika itafungwa. Wa tatu, lock-delay, ni muda kati ya kuzimika na kufungwa. Kiwango cha PCI DSS, kinachowahusu wanaoshughulikia kadi za malipo, hudai mtumiaji ajitambulishe upya iwapo kompyuta imekaa bila kutumiwa kwa zaidi ya dakika 15, yaani sekunde 900.

Nani Ashike Ufunguo?

Yafaa ieleweke kwamba kuweka mipangilio hiyo hakutoshi. GNOME huihifadhi katika hazina iitwayo dconf, nayo husoma matakwa ya mtumiaji kabla ya yale ya msimamizi. Mtumiaji anayeudhika kuandika nywila kila mara anaweza kuifanya idle-delay kuwa 0, na skrini yake isizimike kamwe. Kwa hivyo, msimamizi hana budi kufuata hatua nne.

Kwanza, faili ya /etc/dconf/profile/user iwe na mistari hii:

user-db:user
system-db:local

Pili, aandike mipangilio katika faili iliyomo ndani ya /etc/dconf/db/local.d/:

[org/gnome/desktop/session]
idle-delay=uint32 900

[org/gnome/desktop/screensaver]
lock-enabled=true
lock-delay=uint32 0

Tatu, atie kufuli. Katika faili nyingine, ndani ya /etc/dconf/db/local.d/locks/, aorodheshe mipangilio isiyoruhusiwa kubadilishwa:

/org/gnome/desktop/session/idle-delay
/org/gnome/desktop/screensaver/lock-enabled
/org/gnome/desktop/screensaver/lock-delay

Nne, atoe amri ya dconf update, kisha watumiaji watoke na kuingia upya.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha jambo. Bila hiyo, yaliyoandikwa katika hatua ya pili ni pendekezo tu. Kwa hiyo, yanageuka kuwa kanuni. Mkaguzi anayetaka ushahidi ataingia kama mtumiaji wa kawaida na kuandika gsettings writable org.gnome.desktop.screensaver lock-delay. Jibu likiwa false, kufuli imeshika. Likiwa true, mlango ungali umeshindikwa. Aidha, airudie amri hiyo kwa mipangilio ile mingine miwili.

Hitimisho

Ufungaji wa skrini una mipaka yake. Haumzuii mwizi anayeondoka na diski isiyofichwa kwa msimbo, wala haufai kitu ikiwa nywila imebandikwa kwenye meza. Hali kadhalika, maelezo haya yanaihusu GNOME. Mazingira kama KDE Plasma yana utaratibu wake. Hata hivyo, kanuni ni ile ile: ulinzi unaotegemea kumbukumbu ya mtu mwenye haraka si ulinzi. Waraka unaowasihi wafanyakazi wafunge skrini husomwa na kusahaulika, ilhali kufuli haisahau.