Kioo cha kompyuta kikiwaka kisha kuzimika, tatizo huwa wapi?

WATUMIAJI wengi wa kompyuta za mezani hukumbana na tatizo la kioo kuwaka kwa sekunde moja au mbili, kuonyesha nembo ya mtengenezaji, kisha kugeuka giza huku taa ndogo ya kitufe ikiendelea kuwaka.

Wengi huamua kwamba kioo kimekufa na kutafuta kingine. Uamuzi huo aghalabu ni wa haraka mno.

Jambo la kwanza ni kuchomoa kebo ya picha na kukiwasha kioo peke yake. Kikionyesha ujumbe kwamba hakipokei mawimbi, na ujumbe huo ukasomeka vizuri kwa sekunde kadhaa, basi kioo ni kizima. Cha kuchunguzwa ni kebo au kompyuta yenyewe. Kebo za zamani zenye skrubu mbili hulegea kwa urahisi zisipokazwa.

Lakini ujumbe nao ukitoweka mara moja, mtuhumiwa ni taa ya nyuma ya kioo. Kipimo chake hakihitaji fundi: chumba kitiwe giza, kisha kioo kimulikwe kwa tochi kwa pembeni. Picha hafifu ikionekana, kioo kinafanya kazi na kilichokosekana ni mwanga tu.

Vioo bapa vingi vilivyotengenezwa kabla ya taa za LED kuenea, takriban mwaka 2010, hutumia mirija myembamba inayolishwa na saketi ya kupandisha umeme. Mrija mmoja ukichoka, saketi hiyo huzima mirija yote kwa usalama. Ndiyo sababu mwanga hudumu kwa sekunde mbili tu.

Hata hivyo, mara nyingi mirija haina kosa. Kinachoharibika ni kapasita za bodi ya umeme, na zile za miaka ya mwanzo ya 2000 zilijulikana mno kwa kuvimba vichwa. Kubadilisha kapasita mbili au tatu ni kazi ndogo kwa fundi anayejua kulehemu, ilimradi mpya zisiwe na volti pungufu kuliko za awali.

Kazi hiyo si ya kujaribia nyumbani kwa kisu cha jikoni. Katika umeme wa volti 230 unaotumika Tanzania, kapasita kubwa ya bodi hiyo huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Vioo vya zamani vyenye mgongo mkubwa ni hatari zaidi, kwani ndani yake umeme huzidi volti 20,000. Mirija nayo ina zebaki, hivyo isivunjwe.

Kwa vioo vya LED, mtumiaji anaweza kwanza kupunguza mwangaza. Kioo kisipozimika tena, huenda ukanda wa taa ndio uliochoka, na fundi aulizwe bei ya ukanda huo kabla hajaanza kukifungua.